Chujio

Hapa Rasht mvua haiombi ruhusa.
Inapiga mabati ya duka la Kiarash, fundi simu,
anayeuza kitu kisichoandikwa kwenye kibao.

Mara ya kwanza niliingia kama mtu anayetafuta dawa ya aibu.
Nikaulizia chaja. Nikaulizia kioo.
Kisha nikashusha sauti: "Na kile kitu?"
Akacheka. "Mama, jana karani wa mahakama
alikaa hapo hapo ulipokaa, akikitaka kile kitu."

Sisi tunakiita kivunja-chujio.
Wakubwa wametega chujio mlangoni mwa dunia,
nasi tuko chini, tumekinga vikombe.

Mimi machujio nayajua.
Miaka arobaini nachuja chai:
makapi hubaki juu, chai hushuka.
Hili lao limepinduliwa.
Makapi ndiyo yanayotufikia,
tangu alfajiri hadi taarifa ya habari ya usiku,
na chai wanainywa wao.

Golnush, mwanangu, yuko Hamburg. Amejifungua Jumanne.
Mjukuu nimemwona kwa vipande:
sikio,
vidole vitatu,
kisha kile kiduara kinachozunguka,
kinazunguka,
kama nzi juu ya bakuli la mtindi.
Dakika ishirini nasubiri pua.
Ilipofika, ilikuwa pua ya marehemu mume wangu, ile ile,
na kabla sijasema lolote simu ikakatika.
Nikamalizia kulia peke yangu jikoni.

Alhamisi nakuta duka limetiwa lakiri nyekundu.
Watu wanapita wakikagua viatu vyao.
Sijui Kiarash yuko wapi.
Nilimuuliza mwoka mikate;
akanipa mkate, neno hakunipa,
wala chenji yangu hakuihesabu vizuri,
yeye ambaye huhesabu hata ufuta.

Nyumbani naufungua.
Upande wa ndani wa karatasi, kwa penseli,
herufi na tarakimu kumi na sita,
mwandiko wa mtu aliyekuwa amesimama.

Mafuta yamekwisha kuingia pembeni.
Naziandika kwa kidole kimoja,
kila moja naitamka kwanza, kama mtoto wa chuoni.
Ya tisa siielewi:
ni sifuri, au ni O?

Mvua imezidi.
Najaribu sifuri.