Zako Tia Maji

Trois-Rivières, Februari. Theluji imefika dirishani,
na Fernand Gélinas, miaka thelathini na mitano dereva wa greda,
amepiga magoti mbele ya mbwa
asiyeipita buti yake kwa urefu.

Jina lake Puce, maana yake kiroboto.
Ghislaine ndiye aliyempa, Ghislaine ndiye anayemchana;
ila leo Ghislaine yuko hospitali, anatolewa mtoto wa jicho,
na kwenye friji ameacha karatasi,
herufi kubwa, kama anayemwandikia mjukuu.

*Kwanza barafu.*
Shanga za barafu zinaning'inia ndevuni mwa Puce,
zinagongana akitikisa kichwa.
*Usivute. Yeyusha kwa kiganja.*
Fernand akakifumbata kidevu kile,
maji yakamchuruzika hadi ndani ya mkono wa sweta,
na muda wote huo hakuna aliyesema kitu.

*Kisha macho.* Pamba, maji vuguvugu.
Michirizi ya rangi ya kutu
kama ukutani chini ya bomba linalovuja.
*Zinazoota juu ya pua zichane kwenda juu,
zisimchome mboni.*
Hapa pana doa la kahawa; neno moja halisomeki.

Fundo alilikuta nyuma ya mdomo,
gumu kama kokwa, limegandana na mchuzi wa juzi.
*Unga wa mahindi kidogo. Bana shina kwanza,
uchambue kwa ncha ya kitana, ngozi isijue.*
Yeye aliyesukuma theluji ya mtaa mzima kabla ya alfajiri
ameshika nywele ishirini kwa vidole viwili
na jasho linamtoka.

Mkasi sasa. Ncha butu, umelazwa sambamba na mdomo.
Puce akapiga chafya.

Sharubu lote la kushoto lilianguka juu ya gazeti.
Akapunguza la kulia lilingane; akapitiliza.
Akarudi kushoto.
Ndiyo hesabu ya fundi na meza yenye mguu mfupi.

Jioni Ghislaine akaletwa, jicho moja chini ya bandeji,
la pili bado ukungu.
Hakuuliza. Alimpakata Puce
akamsoma uso kwa vidole:
kidevu, haya. Chini ya macho pakavu, haya.
Mdomoni vidole vikasimama.
Vikarudi. Vikapima tena.

"Alipiga chafya," Fernand akasema.
"Chafya ngapi?"

Akanyoosha mkono, ukakosa, ukapata
ndevu za mumewe, za tangu Krismasi,
na humo punje za unga wa mahindi
na fundo, hilo lake mwenyewe.
"Sogeza kiti. Nipe kitana."
"Huoni, Ghislaine."
"Kwani wewe ulikuwa unaona?"

Chini ya meza, Puce, kishungi kimebanwa kwa mpira mwekundu,
mdomo mtupu kama wa karani mpya,
alijilaza atazame.
Fernand akaenda kwenye sinki
bila kuambiwa,
akafungua bomba,
akazilowesha.