Upatanisho

Daktari wa Bombo alichora yai nyuma ya karatasi ya dawa,
akalipaka wino ubavuni, na huku nyuma kidogo:
"Hapa damu haikufika." Basi.
Miaka thelathini nimefundisha ngeli,
sikujua kuwa zina mahali pa kulala.

Sasa Mbaruku akitaka chai husema,
"Nipe ki… kile… changu… cha moto."
Nomino imedondoka, viambishi vimesimama
kama vigingi vya ua uliong'olewa makuti.
Hakosei. Hasemi "ile", hasemi "yangu".
Ningekuwa na kalamu nyekundu ningempa vema.

Nyuso nazo zimekwenda. Riziki kaja kutoka Korogwe,
baba mtu akamwamkia, "Shikamoo, mama."
Mtoto akacheka, akaenda jikoni kukuna nazi
ambayo hakuna aliyeihitaji.
Mimi ananijua kwa ndara. Kwa kikohozi.

Jana nilimfanyia jambo baya.
Nilivua ndara mlangoni, nikakaa mbele yake kimya,
karibu kiasi cha kuhesabiwa kope.
Akanitazama kwa adabu, kama mgeni msibani.
"Mwenyewe hayupo," akasema. "Mke wangu.
Yule… mwembamba… wa… wa…"
Akalitafuta jina langu kwenye mfuko wa shati,
pale ilipokaa kalamu alipokuwa msoma mita za maji.
Halikuwamo.

Ndipo akaanza kuhesabu, kidole hewani,
maana nambari hazikuguswa, hutoka zimeshikana mikono:
barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
Ngamiani nzima, mlango kwa mlango,
nikamwona akimkwepa mbwa wa ya saba,
akiliinamia bomba bovu la ya kumi,
ya kumi na mbili, ya kumi na tatu,
ya kumi na nne.

Akasimama.

Nyumba ya baba yangu. Mlango wa kijani.
Mita iliyokwama mwaka mzima
kwa sababu kuna mtu alikuwa akiitia mchanga
ili msomaji arudi.
Siri hiyo sijamwambia hata leo.

"Hapo," akamwambia yule mgeni. "Wangu. Wa hapo."

Sikukohoa. Nilitaka kuwa mgeni kidogo tena,
nisikie ninavyosemwa nisipokuwapo.
Kisha chai ikapoa, nikainuka, nikavaa ndara,
na kabla sijafika jikoni
akaita nyuma yangu:
"Umerudi?"