Hesabu ya Funguo

Kwa mujibu wa daftari, Profesa Sigurlaug Bjarnason
alikabidhiwa funguo thelathini na moja.
Zimerudi thelathini,
ndani ya soksi ya sufu iliyopigwa fundo.
Mpwa wake ameileta mwenyewe, theluji ingali mabegani,
akauliza atie sahihi wapi.

Mimi ni fundi vitasa wa chuo hiki, Manitoba.
Miaka ishirini na sita nachonga meno ya chuma,
na kati ya wakubwa wote niliowafungulia milango
ni yeye tu aliyelijua jina langu
bila kuchungulia kibandiko kifuani:
Hrycak, akilitoa kooni, kama bibi yangu.

Alifundisha udongo.
Si habari za udongo: udongo wenyewe.
Aliingia darasani na ndoo,
akawaambia watoto wa wakulima wa ngano
wafumbe macho, wanuse,
waseme mvua ya mwisho ilinyesha lini.
Waliocheka Septemba
Novemba walikuwa wanajibu.
Kucha zake hazikutakata hata siku aliposimikwa kuwa makamu mkuu.
Alizificha ndani ya joho,
kisha akasahau, akampungia mkono mpishi.

Vikaoni hakuwa asali.
Mhazini, mkono wa birika yule,
alipoleta hesabu za kufuta masomo ya Kikrii,
alimsikiliza mpaka nukta ya mwisho, akavua miwani:
"Anza na mshahara wangu.
Ukishaukata, ndipo tuzungumze."
Ukakatwa. Haikutangazwa.
Mimi nilijua kwa sababu gari lake
lilipita majira mawili ya baridi bila kitasa mlango wa kushoto,
limefungwa kwa kamba ya katani,
na kila nilipojitolea kulitengeneza alisema, "Kesho."

Kisha Januari moja akaja karakanani.
Akaweka ufunguo juu ya meza: chumba 114,
ghala la sampuli, ubavuni mwa tanuri.
"Nichongee wa pili."
Nikamwambia sheria inataka sahihi ya mkubwa.
"Mkubwa ni nani?"
Akatia sahihi. Penye sababu akaandika: kwa ajili ya udongo.

Kulikuwa na kijana akilala maktabani chini ya meza,
na nje ilikuwa arobaini chini ya sifuri,
baridi ambayo mate huganda kabla hayajagusa ardhi.
Nilichonga. Sikuuliza.
Mwaka uliofuata akataka wa tatu. Baadaye wa nne.
Sababu ileile, mwandiko uleule wa kuku.

Jumamosi tumemzika.
Kaburi liliwashiwa moto siku mbili ndipo likachimbika;
yeye aliyeujua udongo vile,
udongo ukamgomea.
Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, akajiziba mdomo,
akaanza kulia.

Baadaye, ukumbini, chai na keki ya plamu,
mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi
akaweka ufunguo kando ya picha yake.
Halafu mzee mwenye upara. Halafu hakimu, nadhani ni hakimu.
Hapakuwa na aliyewapanga.
Nikasogea, nikahesabu: kumi na saba.
Mimi nilichonga mitatu tu.
Kazi yangu naijua. Mingine ilikuwa nakala ya nakala,
imechongwa madukani kwa mikono ya haraka,
meno yamelegea, shingo imepinda,
na kila mmoja, naapa, bado ungefungua.

Leo asubuhi nimepata barua yenye muhuri:
kitasa cha 114 kibadilishwe mara moja.
Nimeshuka na bisibisi na kikopo cha mafuta.
Juu ya bomba la moto palianikwa soksi, moja, mbichi.
Nyuma ya makasha ya sampuli mtu alishusha pumzi
akaizuia.

Nimetia matone mawili.
Nimezungusha mpaka kikanyamaza.
Nimepanda juu, nimeandika: Kimeshughulikiwa.
Na pale penye ufunguo wa thelathini na moja,
chini ya neno "umepotea" lililochapwa tayari,
nimefuta, nikajaza sababu
kwa mwandiko wa kuku.