Kibaba na Konzi

Mwaka wa kwanza nilimwaga pishi nzima.
Nilidhani ukarimu ni wingi.
Kipande chenyewe ukikitandika, ni majamvi manane
kutoka ua wangu hadi ukingo wa msitu wa Ngezi,
na kunde zikaota zimebanana
kama watu kwenye foleni ya sukari,
kila moja yanyoosha shingo kulitafuta jua,
manjano, nyembamba, hazina jani la kutafuna.
Paa alikuja usiku, akanusa,
akavuka akaenda kula matembele yangu.

Jirani yangu Shaame alicheka hata kofia ikamwanguka:
"Wamlimia paa, Faki? Na palizi atakusaidia?"
Bwana shamba wa Konde akaja na karatasi,
kilo kadhaa kwa eka.
Nikamwambia sina eka, nina majamvi manane.
Akakuna kichwa kwa kalamu, akawasha pikipiki.

Aliyenifunza ni mke wangu, Bikombo,
wala hakujua kwamba anafunza.
Alikuwa akitia chumvi mchuzini,
macho yako kwa mtoto, mkono wajiendea.
Wajuaje kiasi? nikamuuliza.
"Ukishaiona," akasema, "ishazidi."

Vuli iliyofuata nikapima kibaba kimoja,
na konzi moja juu yake, ya njiwa na mchwa.
Hatua, mbegu mbili, nafukia kwa wayo.
Hatua, mbegu mbili.
Mvua ikanikuta jamvi la sita.

Baba alipita njia hii hii na nyavu na mbwa.
Ngozi akizianika ubavuni mwa mlango,
nami mdogo nikizihesabu hadi kumi na tisa,
hesabu zangu za chuoni zikaniishia hapo.
Sijamwambia mtu kwamba ndiyo sababu.
Kwa Shaame nimesema tu: nayaokoa matembele.

Leo, nimetoka kusali alfajiri, nikaziona kwato
mbili mbili, ndogo,
kama vidole vya mtoto aliyegusa unga.
Majani yamekatwa juu juu, si yote.
Kabakisha.
Sijui alikuwa mmoja au alikuja na mwenziwe.

Kunde zilizosalia mkobani Bikombo kazipika kwa nazi.
Ukiniuliza mbegu kiasi gani,
jibu la karatasi sina.
Fumba konzi.
Kisha legeza kidole kimoja.