Kijani

Bradford ina mto usiouona.
Unazama chini ya lami mbele ya duka la magodoro,
unapita chini ya benki, chini ya stendi ya mabasi,
unaibukia nyuma ya gereji, umekonda,
matambara yakining'inia kwenye mierebi
kama nguo alizosahau kuanua mtu aliyehama.

Doreen Sugden, miaka themanini na mmoja,
aliyetia rangi sufu kiwandani tangu ubinti wake,
anasema: tulijua watu watavaa nini msimu ujao
kwa kuutazama mto.
Jumatatu damu ya mzee, Alhamisi buluu.
Na samaki?
Anacheka hadi anashika mbavu.
Samaki tulimjua kwenye gazeti tu, amelowa siki.

Sasa kila Jumamosi tunavaa mabuti ya mpira
yanayofika kiunoni, tunashuka.
Tumeopoa toroli za dukani, baiskeli ya mtoto,
seti ya meno ya bandia, na hakuna aliyekuja kuyaulizia.
Wenzetu wengine wako juu kule, kwenye tope jeusi la vilima,
wanaziba mitaro kwa magogo,
wanapanda majani laini yanayonyonya kama sifongo,
ili mvua isije mjini mbio
bali ishuke taratibu,
kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi mkononi.

Mimi kazi yangu ni mawe.
Ninageuza jiwe, ninahesabu vijidudu, ninaandika.
Juu ya bomba la tatu: kumi na saba.
Chini ya bomba la tatu: sifuri.
Ukoga wa kijivu tu, kama utando wa maziwa yaliyopoa,
na harufu ya sabuni.
Nzuri, kwa kweli. Harufu ya maua.

Rukhsana wa kampuni ya maji akaleta chupa ya rangi.
Mimi nipite mlango kwa mlango, nimimine kwenye masinki,
yeye asimame bombani na simu sikioni.
Namba mbili. *Hakuna.*
Namba kumi na nne, palipo na mbwa. *Hakuna.*
Namba arobaini na nne. *Hakuna, endelea.*
Namba arobaini na sita ni kwangu.
Nikamtania: hapa ruka, hapa wanaishi malaika.
Nikamimina nyuma ya mashine ya kufulia,
nikafungua bomba, nikangoja.

Simu ikanyamaza.
Nikasikia ndege upande wake.
Kisha, kwa sauti ya chini: *Ni wewe.*

Nilipofika, mto ulikuwa kijani kama jezi mpya.

Miaka tisa.
Mashine aliifunga binamu yangu Mbarouk, kwa sahani ya pilau,
akachomeka bomba lake kwenye mfereji wa mvua.
Rahisi huvunja upishi, nami nilikula nikashiba.
Miaka tisa ya nepi, mashuka, ovaroli za kazini.
Na hili ndilo lililonikalisha ukingoni:
Jumamosi nilitoka mtoni nimejaa matope,
Jumapili nilifua nguo zile zile,
na uchafu ukarudi mtoni kabla yangu,
umenukia maua.

Doreen akaja na chupa yake ya chai.
Hakunihubiria.
Mimi niliupaka wekundu miaka thelathini, akasema,
na nililipwa. Sogea nikae.

Fundi alitumia dakika arobaini na kiwiko cha plastiki.

Jana, chini ya bomba la tatu, niligeuza jiwe.
Vijidudu watatu. Pengine wanne,
mmoja alinitoroka kabla sijamwandika.
Nikalirudisha jiwe polepole
kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Usiku huu mashine inazunguka jikoni.
Inafika pale inapokohoa na kutema.
Nazima redio.
Nasimama miguu mitupu kwenye vigae,
nasikiliza maji yanashika njia gani.