Kijiti cha Mia Nne na Kumi na Mbili

Ulinipa daftari, Fundi Somoe, ukasema andika vijiti:
kila mzunguko wa waya kijiti kimoja,
na usinisemeshe.
Sikukusemesha.
Newala ilikuwa imejifunga ukungu hadi kifuani,
mabibo yanachacha nyuma ya kibanda,
nawe unakivisha kiini cha mabati shaba
uliyoifumua kwenye mashine ya kuchomelea iliyokufa,
gumba likikaza, gumba likilegeza,
kama msuka ukili asiyetaka mkeka wake uote tumbo.

Kwenye mia nne na kumi na mbili
akaja mtu kudai redio yake.
Nikainua macho.
Niliporudi daftarini sikujua
kijiti cha mwisho nimekwisha kukiandika
au ndiyo kwanza nakwenda kukiandika.
Nikakiandika.
Sikukwambia.

Hapa watu wanaujua umeme kwa tabia,
kama wanavyomjua shemeji mlevi.
Magharibi unakuja mdogo,
taa zina macho ya mgonjwa wa manjano,
friji inaguna, haiamki.
Usiku wa manane, mji ukishazima,
unarudi umevimba, unatafuta wa kupiga.
Baba yako alifanya nao kazi kiwandani
enzi korosho zinabanguliwa hapahapa.
Alistaafu na vidole saba na neno moja:
*Umeme haukuchukii, mwanangu. Haukujui.*
Wewe hukuhitaji ukujue.
Ulitaka usikie amri, basi.

Sanduku lenyewe halina sura.
Debe la mafuta ya kula, matundu ya msumari,
koili moja iliyotolewa waya mahali sita, ngazi sita,
na rilei ulizozichomoa kwenye maiti za mitambo ya watu.
Umeme ukishuka, rilei inapanda ngazi. *Tak.*
Ukipanda, inashuka. *Tak.*
Ukizidi ngazi zote inafunga mlango,
inahesabu dakika tano baada ya utulivu,
ndipo inachungulia.
Tukalipeleka zahanati kwa baiskeli, limefungwa kwa mpira,
Muuguzi Thekla akalitazama kama mgeni asiye na barua.
Akaliweka chini ya friji ya chanjo.
Juu yake akaweka ndoo.

Novemba, usiku wa upepo,
tawi la mkorosho likakata waya wa nyutro pale nguzoni.
Nyumba zilizozoea mia mbili na thelathini
zikanyweshwa mia tatu na themanini.
Mtaa wa sokoni televisheni kumi na moja zilikufa,
na mashine ya kinyozi, na subwufa ya Chilumba
iliyotunyima usingizi miaka miwili
(kwa hiyo moja, Mungu anisamehe, sikulia).
Thekla anasema alisikia *tak, tak*,
kisha kimya kizito, na harufu ya kuungua ya majirani.
Hakufungua mlango wa friji usiku kucha.
Asubuhi akamulika kipimajoto kwa tochi ya simu:
digrii sita.
Chanjo za surua zimekaa kwenye trei kama mayai.

Walipokuja kukupongeza ukawauliza
nani atalipa nauli ya nyutro mpya.
Mimi nikakuvuta pembeni, nikakiri kile kijiti.
Ulicheka mpaka ukashika meza.
*Mzunguko mmoja haufiki hata nusu volti.
Umeme wa hapa unapoteza zaidi ya hapo
ukivuka barabara tu.*
Kisha ukaacha kucheka.
*Lakini daftari ulilidanganya.*

Sasa tunatengeneza la pili, la wodi ya wazazi Kitangari.
Waya ninazungusha mimi.
Daftari umelishika wewe, kalamu sikioni,
husemi kitu.
Gumba langu lina lengelenge.
Mlangoni mtu anapiga hodi,
anapiga tena.
Mia moja na sita.
Mia moja na saba.