Mizani ya Lango la Machame

Langoni kuna mizani, na mizani haina shemeji.
Mzigo wangu, hema na blanketi: kilo kumi na nane.
Juu yake gitaa, ndani ya kasha jeusi:
ishirini na moja na nusu. Askari wa hifadhi
akatikisa kichwa. "Punguza."
Nikapunguza blanketi.
Nikamwachia mama muuza ndizi.
Mwenye gitaa alikuwa anajaza kitabu cha wageni.
Jina, Tegan. Nchi, Australia. Kazi: akasita,
akaandika mwimbaji, akakata,
akaandika tena.

Sisi wagumu tukamwita Tigani.

Hadithi yake niliipata vipande vipande,
Kiswahili chake cha kitabuni, Kiingereza changu cha kambini,
kipande Shira, kipande kwenye ukuta wa Barranco
mikono yetu yote minne ikiwa imeng'ang'ania mwamba.
Kwao ni mji wa maghala ya ngano na reli isiyopita treni.
Gitaa la kwanza alilinunua kwa kuosha sufuria
za wanyoa kondoo, msimu mzima.
Bendi ya watu watatu, wakarekodi gerejini,
magodoro ukutani ili jirani asigombe.
Redio ya wanafunzi ikaupiga wimbo mmoja
usiku mmoja, saa nane.
Ndipo kampuni ikaja, na mkataba, na mpiga picha
aliyemwambia tabasamu.
Albamu ya pili hakutabasamu.
Barua ya kumwachisha ilikuwa mistari minne.
Ubeti kamili, nikamwambia, ila hauna vina.
Hakunielewa. Alicheka hata hivyo.

Halafu miaka kumi na mitano ya buti ya gari,
anauza santuri mwenyewe, baa hii, baa ile,
watu kumi na mmoja na mbwa,
na mbwa, alisema, ndiye aliyekaa mpaka mwisho.
Halafu vinundu kooni, kisu cha daktari,
miezi sita akizungumza kwa daftari.
Kwa nini mlima? Sikuuliza.
Mgumu huuliza maji yako wapi.

Karanga, baada ya chakula, alilitoa gitaa.
Sauti yake ilikuwa na kutu, kama bawaba ya stoo,
lakini mlango ulifunguka.
Mpishi Kimambo akagonga sufuria kwa mwiko.
Mimi nikatia besi ya kwaya yetu ya Uru,
mara besi ikaniponyoka, ikawa ile sauti yangu
ninayopandia, hatua nne pumzi moja,
niliyoitunga mwaka ule Ndewario
alipoteremshwa kwa machela
akiwa hana haja tena ya machela.
Tigani akaweka simu juu ya jiwe. Kitaa chekundu.
Usiku ule nililala ndani ya gunia la viazi.
Sikumwambia.

Santuri ilikuja mwaka wa tatu, kwa sanduku la posta la kampuni.
Pasua nzima hatuna chombo cha kuipigia.
Mke wangu kaitundika juu ya cherehani;
wateja hudhani ni saa iliyokosa mishale.
Juzi, Julai, fundi Msechu wa Mbuyuni
kafufua mashine ya marehemu mjomba wake.
Upande wa pili, wimbo wa tatu:
hatua nne, pumzi moja. Taratibu kuliko nilivyopanda.
Maneno ni yake. Nilidaka mawili tu,
baridi, na deni.

Nilikwenda nayo langoni, utani wa wagumu.
Askari akaiweka juu ya mizani.
Mshale haukutikisika.

Nyuma ya jalada, kwa herufi za sisimizi,
anamshukuru mbwa, anamshukuru daktari,
anawashukuru Ana na Sali.
Anasaeli, jina la babu yangu,
limekatwa katikati kama muwa
likawa wanawake wawili.

Binti yangu Ndeshi alisoma kwa kidole.
"Baba, wewe ni yupi hapa?"

Ana aliimba, nikamwambia.
Sali alibeba.